Daftari Jipya Katika Zahanati: Chombo cha Kutunzia Maarifa Hupokewaje?

Msafiri atokaye Korogwe kwa barabara kuu ya kwenda Same hupita Mombo, kisha hufika Mkumbara, mahali palipo chini kabisa ya ukuta wa milima ya Usambara. Upande mmoja ni nyanda za joto zenye mashamba ya mkonge. Upande wa pili mlima hupanda ghafla hadi kwenye misitu ya Shume yenye baridi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati wa utawala wa Wajerumani, kampuni ya mbao ya Wilkins na Wiese iliziunganisha pande hizo mbili kwa njia ya waya iliyojengwa na kiwanda cha Adolf Bleichert cha mjini Leipzig. Miti ya mitarakwa iliyokatwa Shume iliteremshwa kwa waya huo mpaka Mkumbara, ikapakiwa katika magari ya reli ya Tanga.

Njia za waya za namna hiyo zina kanuni moja rahisi ya fizikia. Waya unaovuta huzunguka kama mkanda. Mzigo mzito ushukao kwa nguvu ya uvutano wa dunia ndio unaovipandisha vibebeo vitupu vya upande wa pili. Kisiposhuka kitu chenye uzito, hakipandi kitu, isipokuwa kwa kuongezewa nguvu kutoka nje.

Siku hizi kinachopanda na kushuka kati ya vijiji vya nyanda hizo na makao ya wilaya si mbao tu. Ni habari: hesabu za watoto waliochanjwa, wajawazito waliopimwa, dawa zilizobaki kabatini. Makala haya yanaeleza jinsi vyombo vya kutunzia habari hizo vilivyobadilika nchini Tanzania, na kwa nini kuleta chombo kipya ni kazi nyepesi, lakini kuwafanya wafanyakazi wakipokee na kukitumia ni kazi nzito inayohitaji elimu yake yenyewe.

Maarifa yaliyomo kichwani

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilihusu biashara, lakini yafaa vilevile kwa maarifa.

Hapana budi kwanza kutofautisha mambo matatu. Tarakimu moja iliyoandikwa peke yake, kwa mfano «9», ni takwimu ghafi. Ikisemwa kwamba mtoto fulani ametimiza miezi 9, hiyo ni taarifa. Muuguzi akitambua kwamba mtoto huyo anapaswa kupata chanjo ya surua na rubela, kwamba hajaletwa kliniki, na kwamba mama yake amehamia kambi ya mkonge ng'ambo ya reli, hayo ndiyo maarifa, kwa sababu humwezesha mtu kutenda.

Katika zahanati nyingi za vijijini, maarifa ya aina hiyo hukaa kichwani mwa mtu mmoja au wawili waliofanya kazi hapo kwa miaka mingi. Muuguzi huyo anawajua kina mama kwa majina ya watoto wao. Anajua nani huja siku ya soko na nani hukawia wakati wa palizi. Lakini akihamishwa au kustaafu, huondoka nayo. Anayempokea huanza upya kama mgeni. Chombo cha kutunzia maarifa, kiwe daftari, kabati la kadi au kompyuta, kazi yake ni kuyafanya maarifa ya mtu mmoja yawe mali ya kikundi kizima, leo na kesho.

Kutoka MTUHA hadi kishikwambi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya ilianzisha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, unaojulikana kwa kifupi chake, MTUHA. Mfumo huo uliviletea vituo vyote vya tiba madaftari ya namna moja yenye nambari. Wagonjwa wa nje huandikwa katika kitabu cha 5, wajawazito katika kitabu cha 6, na watoto katika kitabu cha 7. Mwisho wa mwezi mhudumu hufungua vitabu, huhesabu kwa vijiti, hujumlisha, kisha hujaza fomu ya taarifa na kuipeleka wilayani.

Hatua ya pili ilikuwa kompyuta ya wilaya. Programu iitwayo DHIS, ambayo asili yake ni Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990 na ambayo baadaye iliendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mmoja wao, iliwezesha fomu hizo kuingizwa katika hifadhi moja ya taifa. Toleo lake la pili, litumialo intaneti, lilikuwa limesambazwa nchini kote kufikia mwaka 2014. Hata hivyo kilichoingizwa humo kilikuwa jumla tu. Wilaya iliweza kujua kwamba watoto 32 walichanjwa, lakini haikuweza kujua ni watoto gani.

Hatua ya tatu ililenga upungufu huo. Kuanzia mwaka 2013 Wizara, ikishirikiana na shirika la PATH, iliendesha mpango wa kuboresha takwimu za chanjo uliojulikana kwa kifupi kama BID. Tanzania na Zambia ndizo zilizochaguliwa kuwa nchi za mfano. Kwa upande wa Tanzania kazi ilianzia mkoa wa Arusha, ikafuata mikoa ya Tanga na Kilimanjaro. Vituo vilipewa vishikwambi vyenye rejesta ya elektroniki, na kadi ya mtoto ikabandikwa kibandiko chenye alama za mistari zinazosomwa na kamera. Kila mtoto akawa na ukurasa wake, unaoweza kuonekana katika kituo chochote kilichomo katika mfumo.

Uzito wa jambo lenyewe

Kwa nini taabu yote hii? Jibu limo katika hesabu mbili.

Hesabu ya kwanza ni ya asilimia. Chukua mfano wa kijiji cha kubuni kinachokadiriwa kuwa na watoto 100 wanaostahili chanjo. Mwisho wa mwaka daftari laonyesha watoto 104 waliochanjwa, yaani asilimia 104. Mtu asiyetafakari atashangilia. Lakini kati ya hao 104, watoto 19 walitoka vijiji jirani na kambi za wafanyakazi. Waliochanjwa wa kijiji chenyewe ni 85 tu. Watoto 15 wamesahaulika, na daftari la jumla limewafunika kama blanketi. Mahali kama Mkumbara, penye barabara kuu, reli ya zamani, mashamba ya mkonge na njia za kupanda milimani, watu huhamahama, na kosa la namna hii huwa jepesi kutokea.

Hesabu ya pili ni ya surua. Wataalamu hukadiria kwamba mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga hata mmoja, huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Ikichukuliwa idadi ya 15, ugonjwa hautaweza kuenea ikiwa kila mgonjwa atamwambukiza mtu asiyezidi mmoja kati ya 15. Kwa hiyo watu 14 kati ya kila 15 wapaswa kuwa na kinga, nayo ni sawa na karibu asilimia 93. Kijiji chenye asilimia 85 kiko chini ya mpaka huo. Surua yaweza kupenya na kuenea, hali taarifa ya wilaya yasema asilimia 104. Daftari bovu, basi, si kosa la karani tu. Ni mlango ulioachwa wazi.

Mbona kizuri hukataliwa?

Mtu angetazamia kwamba chombo chenye faida kubwa hivi kingepokewa kwa mikono miwili. La hasha. Uchunguzi uliofanywa baada ya rejesta hiyo kuenezwa ulionyesha kwamba matumizi yalitofautiana sana: vituo vingine viliitumia kila siku, vingine kwa nadra, na vingine vilianza vizuri kisha vikalegea. Sababu zilizotajwa zilikuwa pamoja na mtandao dhaifu, uhaba wa wafanyakazi, uhamisho wa waliofundishwa, na mzigo wa kuandika mara mbili.

Jambo hili si la Tanzania peke yake wala la kompyuta peke yake. Mwaka 1943 wataalamu wawili wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha uchunguzi wao juu ya wakulima wa mahindi wa jimbo la Iowa. Mbegu chotara ilianza kuuzwa huko mwaka 1928, nayo ilizaa zaidi na kustahimili ukame kuliko mbegu ya zamani. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka 10 kuenea. Kati ya wakulima 259 waliohojiwa, wote isipokuwa wawili walikuwa wameikubali kufikia mwaka 1941. Wengi waliisikia kwanza kutoka kwa wauzaji, lakini walichoamini ni shamba la jirani. Tena hawakuipanda shamba zima kwa mara moja: walianza na kipande kidogo, wakaona, wakaongeza.

Mwaka 1962 Everett Rogers, naye mzaliwa wa Iowa, aliyakusanya mafunzo ya uchunguzi huo na mwingine mwingi katika kitabu kimoja. Alieleza kwamba watu hukipima kitu kipya kwa maswali matano. Je, kinashinda cha zamani? Je, kinapatana na kazi na desturi zetu? Je, ni rahisi kukifahamu? Je, naweza kukijaribu kidogo kabla ya kujifunga? Je, naweza kuyaona matunda yake kwa mwenzangu? Kadiri majibu ya «ndiyo» yanavyokuwa mengi, ndivyo kitu hicho kinavyoenea upesi.

Yafaa kuangalia kwamba maswali hayo huulizwa na mtumiaji, wala si mtengenezaji. Kishikwambi chaweza kuwa bora machoni pa mtaalamu wa Dar es Salaam, na kuwa mzigo machoni pa muuguzi aliye peke yake mbele ya foleni.

Mzigo wa kuandika mara mbili

Mzigo huo waweza kupimwa. Chukua mfano wa siku ya kliniki yenye watoto 40, na tuseme kila mtoto huchukua dakika 3 kuandikwa daftarini. Hizo ni dakika 120, yaani saa 2. Kishikwambi kinapoletwa, mhudumu huambiwa aendelee na daftari mpaka mfumo utakapoaminika. Kwa kuwa bado anajifunza, kila mtoto humchukua dakika 4 katika kishikwambi, nazo ni dakika 160. Jumla sasa ni dakika 280, karibu saa 5, kabla hajamshika mtoto hata mmoja.

Mhudumu akilikuta hilo, hufanya kama binadamu yeyote: huandika daftarini kwanza, huahidi kuingiza mengine jioni, na jioni huchoka. Baada ya wiki tatu kishikwambi hakina habari kamili. Kwa kuwa hakina habari kamili, hakiaminiki. Kwa kuwa hakiaminiki, daftari haliwezi kuachwa. Duara limefungwa, na chombo kimekufa pasipo mtu yeyote kukikataa kwa maneno.

Lipo pia jambo la heshima. Katika zahanati, kama katika jamaa, mkubwa ndiye amfundishaye mdogo. Kishikwambi hupindua utaratibu huo, kwani mara nyingi kijana aliyetoka chuoni huking'amua kwanza. Muuguzi wa miaka mingi akiona aibu kuuliza, atakiepuka. Kijana mwenye adabu huanza kwa «Shikamoo mama», kisha huomba amsomee majina ya kadi huku yeye akionyesha mahali pa kubonyeza. Hivyo mkubwa hutoa ujuzi wa watoto, mdogo hutoa ujuzi wa chombo, wala hakuna anayeshushwa.

Namna ya kukisaidia kikundi

Kutokana na kazi ya mikoa ya kaskazini mashariki na elimu iliyotangulia, mambo kadhaa yamedhihirika.

Kwanza, mafunzo yaende kazini. Desturi ya zamani ilikuwa kumwita mtu mmoja kutoka kila kituo, kumweka katika semina mjini kwa siku chache, kisha kumrudisha akawafundishe wenzake. Mpango wa BID ulichagua njia nyingine: maofisa wa wilaya wenyewe waliandaliwa, nao wakavitembelea vituo zaidi ya mara moja, wakawafundisha wahudumu mahali pa kazi. Ziara ya kwanza hufundisha kufungua chombo. Ziara zinazofuata hutatua matatizo ambayo hakuna semina ingeweza kuyabashiri.

Pili, chombo kisianze kikiwa kitupu. Rejesta isiyo na jina hata moja haimsaidii mtu. Habari za watoto waliomo katika madaftari ya zamani zikiingizwa mapema, mhudumu hukuta chombo kinachojua jambo, naye huona faida siku ya kwanza.

Tatu, chombo kimrudishie kitu yule anayekilisha. Rejesta ya elektroniki yaweza kutoa orodha ya watoto waliokosa chanjo wiki hii, kwa majina na vijiji. Orodha hiyo, ikikabidhiwa kwa mhudumu wa afya wa jamii, humwonyesha nyumba ya kwenda. Kwa njia ya daftari kazi hiyo ingehitaji kufungua kurasa nyingi moja moja.

Nne, wanaotumia wakutanishwe. Wahudumu wa vituo mbalimbali waliunganishwa katika vikundi vya kutumiana ujumbe kwa simu, wakaulizana na kujibizana. Huyu ndiye jirani wa shamba wa Iowa katika sura nyingine.

Tano, kuwe na siku ya kuliacha daftari. Kipindi cha kuandika mara mbili hakiepukiki, lakini hapana budi kiwe na mwisho unaojulikana, pamoja na masharti yake: kwa mfano, kituo kikionyesha kwa miezi kadhaa mfululizo kwamba hesabu za vitabu viwili zinalingana, kiruhusiwe kuacha kimoja.

Sita, makosa yakubaliwe mapema. Programu ya kwanza iliyotumiwa mkoani Arusha ilibadilishwa kwa nyingine kabla ya kazi kuendelea. Kubadilisha njia katikati ya safari huchosha, lakini ni afadhali kuliko kueneza kasoro katika mikoa mingine.

Mwisho, siri itunzwe. Daftari la karatasi hufungiwa kabatini. Habari za elektroniki huweza kusafiri kwa kufumba na kufumbua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mama akishuku kwamba habari za mtoto wake hazina mlinzi, atatoa jina la uongo, na chombo chote kitaharibika kuanzia kwenye mzizi.

Jaribio la darasani: mkunjo wa herufi S

Wanafunzi wa hisabati waweza kuuona mwendo wa kitu kipya kwa kalamu na karatasi. Chukua vituo 20. Mwanzoni kimoja tu kinakitumia chombo. Kila mwezi idadi ya vituo vipya hupatikana kwa kuzidisha idadi ya wanaotumia kwa idadi ya wasiotumia, kisha kugawanya kwa 20 na kukadiria hadi namba kamili iliyo karibu. Maana yake ni kwamba habari huenea pale anayetumia anapokutana na asiyetumia.

Mwezi wa kwanza: 1 mara 19, gawanya kwa 20, ni karibu 1, watumiaji huwa 2. Kisha huwa 4, halafu 7, 12, 17 na mwishoni 20. Mwanafunzi akichora grafu ya namba hizo ataona mstari unaoanza kwa uvivu, unaopanda kwa kasi katikati, na kulala tena mwishoni, mfano wa herufi S iliyovutwa. Mkunjo wa namna hiyo ndio uliopatikana katika mahindi ya Iowa.

Mwalimu aweza kuuliza maswali haya. Kama msimamizi angefika mwezi wa pili na kukuta vituo 4 tu kati ya 20, je, angekuwa na haki ya kusema kwamba mpango umeshindwa? Na kama vituo viwili kila mwezi vingeacha kukitumia kwa sababu muuguzi aliyefundishwa amehamishwa, mkunjo ungekuwaje? Swali la pili litawaonyesha wanafunzi kwamba kueneza chombo na kukidumisha ni kazi mbili tofauti.

Waya unaopanda na kushuka

Kwa miaka mingi zahanati zilipandisha habari wilayani, mkoani na taifani, na mara nyingi hakuna kilichoshuka isipokuwa barua ya kuuliza kwa nini taarifa ya mwezi uliopita imechelewa. Mfumo wa namna hiyo huendeshwa kwa nguvu ya nje: amri, ukaguzi na posho. Nguvu hiyo ikikoma, vibebeo husimama angani.

Hapo ndipo kanuni ya njia ya waya ya Mkumbara inapofaa kukumbukwa. Kinachopandisha kibebeo ni uzito wa kile kinachoshuka. Muuguzi akipelekea hesabu na kurudishiwa orodha ya watoto wake waliokosa chanjo, dawa zilizopungua kabla hazijaisha, na muda wa kumtazama mgonjwa badala ya kuhesabu vijiti, hatahitaji kusukumwa. Ataandika kwa sababu maandishi yake yanamrudia yakiwa na uzito.

Kanuni hiyo haikomi mlangoni mwa zahanati. Shule inayoacha rejesta ya karatasi, chama cha ushirika kinachonunua kompyuta, na maktaba inayopanga upya vitabu vyake, vyote vitapita katika maswali yale yale matano. Mwenye kuleta chombo kipya na aanze kwa kumwuliza mtumiaji: kazi yako ni ipi, inakuelemea wapi, na chombo hiki kitakurudishia nini? Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama baada ya mwaka mmoja chombo kitakuwa mezani kikitumika, au kabatini kikikusanya vumbi.